Mpini Uliomkataa Mwenyewe

Inspekta Mashauri alikuwa ameshika silaha nyingi katika kazi yake. Alishika magobore ya majangili, mapanga ya wezi wa ng'ombe, na siku moja kule Mwanza alishika bastola ya mbao iliyopakwa rangi ya viatu, ambayo mwenye nayo alikuwa amekwisha kuvunjia nayo duka zima la mzee wa Kihindi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomfanya avue kofia. Hii ilimvua.

"Naona umeipenda," alisema Bwana Sjöholm.

"Naisalimia tu."

Walikuwa Uswidi, mtaa wa Kungsholmen, ghorofa ya juu ya makao ya polisi, na dirishani theluji ya Februari ilianguka kama iliyotumwa na mtu asiye na haraka. Sjöholm, mkuu wa upelelezi, alikuwa mrefu na mkavu, mtu wa kuinama kila mlangoni hata mlango ukiwa mrefu kuliko yeye. Mashauri alikuwa mjini hapo kwa kozi ya maabara. Kesi ilipojaa majina ambayo kituo kizima hakikuweza kuyatamka, wakamwazima kutoka darasani. Wao wawili walizungumza Kiingereza, ambacho kila mmoja alikuwa amekiokota mahali pake, na kwa bahati vipande vilishikana.

Kitu kilichokuwa mezani kilikuwa rivolva ndogo ya risasi tano, mtutu wake mfupi kama kidole gumba, ya kufichwa kwenye mfuko wa koti. Silaha za aina hiyo zina ugonjwa mmoja. Zimefanywa ndogo ili zifichike, na kwa kuwa ni ndogo, hazishikiki. Mpini wa kiwandani unatosha vidole viwili tu, na kile cha mwisho hubaki kinaning'inia hewani kama mgeni aliyekosa kiti. Ukifyatua, chuma kinapiga teke, kinajigeuza kiganjani, na risasi inakwenda kwenye shughuli zake yenyewe.

Mtu fulani alikuwa ameutibu ugonjwa huo. Vibao vya kiwandani vilikuwa vimefunguliwa na mahali pake kukatiwa mpingo, mweusi hasa, uliosuguliwa mpaka ukawa na mng'ao wa jicho la ng'ombe. Nyuma ya upete unaozunguka kifyatulio, pale penye pengo linalogonga kidole cha kati, palikuwa pamejazwa. Chini pameongezwa ncha, kidole cha mwisho nacho kipate pa kukaa. Upande wa kulia mbao ilikuwa imeachiwa kitumbo cha kujaza uwazi wa kiganja, na upande wa kushoto, juu, kulikuwa na kikalio cha kidole gumba.

Mashauri aliukamata mkononi. Ulikaa. Akafumba macho, akaushika tena, ukakaa vilevile. Sjöholm, aliyezoea kumsikia akisema, alimtazama kwa wasiwasi.

"Una kasoro gani?" Sjöholm akauliza.

"Moja tu. Kidole changu cha pete kinalalamika."

Aliusogeza mwangani. Mifereji ya vidole ilikuwa imenyooka, isipokuwa wa kidole cha pete, uliokwenda ukainama kidogo kuelekea chini.

"Patasi iliteleza," Sjöholm alisema.

"Mtu anayesugua mpingo namna hii, patasi yake haitelezi. Hata akilala."

Sjöholm alikaa, akairudia kesi, maana ndivyo alivyofikiri, kwa kurudia. Jumamosi iliyopita, katika mtaa wa Rinkeby, muuguzi Mkenya aitwaye Milcah alikuwa anafungua mlango wa nyumba yake. Mtu akafyatua risasi kutoka gizani mwishoni mwa ukumbi. Risasi ikaingia kwenye fremu, kando ya sikio lake. Hakumwona mtu. Rivolva ilipatikana imefutwa vizuri, chini ya bomba la kutupia taka la jengo hilohilo. Mpingo uliwapeleka kwa fundi mmoja wa Kitanzania huko Fisksätra, kwa sababu hakukuwa na mwingine mjini anayeuchonga. Fundi akasema kazi ililetwa na kijana Evodius, mwanafunzi wa ufundi mitambo, na Evodius anakaa ghorofa moja chini ya Milcah.

"Na Evodius anasema alitumwa," Mashauri akamalizia.

"Na Solomon. Aliyekuwa mchumba wa Milcah mpaka Krismasi. Ila Solomon anakana, na mimi namwamini, kwa sababu hii." Sjöholm alinyanyua mkono wake wa kushoto, akauzungusha hewani kama anayeandika. "Ana mashoto. Anaandikia kushoto, anacheza mpira wa meza kushoto. Sasa niambie, ni nani mwenye mashoto atatengenezewa mpini wa mkono wa kulia?"

"Mjinga."

"Solomon anamalizia shahada yake ya pili."

"Hayo mawili hayagombani, Bwana Sjöholm. Nimeyaona yakikaa kwenye kiti kimoja."

Sjöholm hakucheka. Alitazama saa ya ukutani. Saa tisa alasiri Evodius angepandishwa mbele ya hakimu, na hakimu akisema abaki ndani, chuo kingemfuta siku hiyohiyo. Bila chuo hakuna kibali cha kuishi. Hata kesi ikija kufutwa baadaye, itafutwa yeye akiwa Bukoba, akiwaeleza watu kwa nini amerudi bila cheti.

"Nenda kwa fundi," Sjöholm alisema. "Polisi wangu walizungumza naye Kiswidi. Alijibu walichouliza."

"Na hawakuuliza alichojua," Mashauri akasema, akivaa kofia yake.

*

Treni ya Saltsjöbanan ilimshusha Fisksätra mbele ya majengo yaliyofanana kiasi kwamba, kama alivyosema mwenyewe baadaye, mlevi wa pale lazima awe na imani. Fundi Gervas alifungua mlango akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa Ndanda, amefundishwa useremala na mapadri, sasa yuko katika karakana ya samani Nacka. Mkewe, Agripina, alikuwa jikoni na mwiko mkononi.

"Afande, karibu," Gervas alisema. "Ila kama umekuja kunifunga, ningoje nile kwanza."

"Fundi, mimi hapa Uswidi sina mamlaka hata ya kumkamata paka. Shemeji, shikamoo jiko."

"Marahaba, limeitika," Agripina akajibu bila kugeuka. "Vua viatu, unanimwagia theluji."

Mashauri akavua. Akamwambia Gervas kwamba mpini ule ameushika, na kwamba tangu aushike mikono yake imeanza kudharau vitu vingine vyote, hata kijiko. Gervas alitazama chini. Alikuwa mtu wa kufurahi kwa siri.

"Uliambiwa ni wa nini?"

"Bastola ya kuanzishia mbio. Evodius alisema ni ya klabu ya riadha, ile inayolia tu paa vijana wakimbie. Mimi nikaona heri. Nilikuwa na kipande cha mpingo, kinyago kilichovunjika shingo wakati wa kuhama. Sikutaka kukitupa." Alisita. "Kumbe nimemtengenezea mtu kifo."

"Karibu umtengenezee. Kiganja chenyewe ulikipimaje? Mwenyewe alikuja?"

"Hakuja. Uliletwa mkono wake."

Mashauri alimtazama. Gervas akainuka, akaenda dirishani, nyuma ya pazia ambako kulikuwa na mikebe ya vanishi, akarudi na kitu kwenye kitambaa. Lilikuwa donge jeupe lililokauka, gumu kama jiwe la kunolea, na limebanwa na kiganja cha mtu. Kila kidole kilikuwa kimeacha mfereji wake. Mikunjo ya ngozi ilikuwepo. Mstari wa katikati ya kiganja, ule ambao wapiga ramli hulipisha kuusoma, ulikuwa umesimama waziwazi. Na mfereji wa kidole cha pete ulikuwa umeinama chini.

Mashauri alikaa polepole kwenye kiti. Kiganja cha mtu asiyekuwepo kilikuwa kimelala ndani ya kiganja chake, na kwa dakika nzima alikitazama kama mtu aliyefunuliwa kaburi na kukuta maiti anapumua.

"Nilifuata kila kilichokuwepo," Gervas alisema. "Hata kile kidole kilichopinda. Nilisema, kama mwenyewe kapinda, mbao nayo itapinda."

"Evodius aliujaribu?"

"Hapa hapa. Ulimkaa vizuri, ila kidole kile kilimsumbua kidogo. Akaupeleka. Siku ya pili akarudi anasema, fundi, mwenyewe analalamika, unamchoma kiganjani, hapa chini ya kidole cha shahada. Nikamwambia aulete nitazame. Akasema mwenyewe ana haraka, ataubeba hivyo hivyo."

"Polisi uliwaambia hilo?"

"Hawakuuliza. Waliuliza nani aliuleta, nani aliuchukua. Evodius, Evodius."

Mashauri aliligeuza lile donge, lililokuwa na punje ndogondogo. Plasta ya Paris haina punje, na udongo hauwi na rangi hiyo. Akalinusa. Kisha, mbele ya watu wazima wawili, akalilamba.

"Afande," Agripina alisema kutoka jikoni, "kama una njaa si useme."

"Shemeji, njoo ulitazame hili. Niambie wewe."

Agripina alikuja, akalichukua, akaligonga kwa ukucha. Hakuhitaji kulilamba. "Ugali," alisema. "Wa mannagryn, hii semolina ya hapa dukani. Na aliyeupika hajui. Umeiva nje tu, ndiyo maana umekauka hivi bila kupasuka."

Mashauri alinyanyua mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua. Akanyanyua wa kushoto, akautazama kama anayemtazama ndugu ambaye hakualikwa harusini. Halafu alianza kucheka kwa ndani, mabega yakimtikisika.

"Kuna nini?" Gervas akauliza.

"Shemeji, unga unao?"

"Upo."

"Nisongee ugali mgumu, wa kuivisha hasa. Na mchuzi wowote. Nifungie kwenye taulo usipoe mpaka Kungsholmen."

*

Solomon aliingia ofisini akiwa amevaa koti zuri la sufu, mtu wa kupendeza, na aliwapa mkono wote. Mashauri aliupokea mkono ule wa kulia na kuushika zaidi ya kawaida, kama wafanyavyo watu wa kwao wakipendana.

"Sasa Inspekta, hii kitu itachukua muda? Niko na mazoezi ya vijana."

"Haitachukua. Bwana Sjöholm anataka alama ya kiganja chako tu. Una hiari ya kukataa."

"Nikatae nini? Mimi sina shida na nyinyi."

Sjöholm alimwekea mezani donge la udongo wa maabara. "Kamata kama unayekamata bastola," alisema.

Solomon alitabasamu, na bila kusita akanyoosha mkono wa kushoto, akalibana lile donge. Alipoliachia, Mashauri aliinama karibu. Chini ya kidole cha shahada, kwenye kiganja cha kushoto, kulikuwa na doa la bluu linaloelekea kuwa la kijani, dogo, la mviringo, kama lililogongwa na pembe ya kitu.

"Pole. Ulijiumiza?"

"Barafu hii yenu," Solomon alimwambia Sjöholm. "Nilianguka nikashika ngazi."

Sjöholm alimtazama Mashauri kwa jicho lililosema, umeona, kushoto, nilikwambia. Saa ya ukutani ilikuwa imekwisha pita nane.

"Basi tumemaliza," Mashauri alisema, akavuta kapu kutoka chini ya meza. "Mimi ndugu yangu tangu asubuhi sijatia kitu kinywani, na kwetu huwezi kula mwenzako anatazama. Kaa dakika mbili."

Alifungua taulo. Mvuke ulipanda, na ile harufu, ambayo haina haja ya kuelezwa kwa aliyekulia nayo, ikaenea katika ofisi ya polisi wa Uswidi kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikikodi chumba kile. Solomon, aliyekuwa amekwisha kufika mlangoni, akageuka.

"Ugali? Hapa Polisi?"

"Shemeji yangu mmoja ana huruma. Karibu."

"Aisee. Hii ni maneno ingine kabisa."

Mashauri akaleta bakuli la maji na kumnawisha. Solomon alivuta kiti, akakunja mikono ya koti lake zuri. Mkono wa kushoto, ule wa kuandika, wa mpira wa meza, wa kila kitu, ulishuka wenyewe ukalala pajani kama mtoto aliyeambiwa anyamaze. Mkono wa kulia ukaenda kwenye ugali. Ukamega. Ukafinyanga, ukabana, ukafanya kile ambacho ulikuwa umekifanya kila siku tangu kabla hajajua kusema.

"Hapo hapo," Mashauri alisema kwa upole. "Usichovye."

Solomon alisita na tonge hewani.

"Niazime hilo, nitakulipa jingine. Liweke tu hapa, usilifinye zaidi."

Tonge lilishuka kwenye sahani. Mashauri akafungua droo, akatoa donge lililokauka la Gervas na kuliweka pembeni yake. Halafu akaweka mpini wa mpingo. Vitu vitatu, cheupe, cheupe na cheusi, na katika vyote mfereji wa kidole cha pete uliinama kuelekea chini.

Sjöholm aliinuka kutoka kwenye kiti. Alizunguka meza, akainama ingawa hapakuwa na mlango. Alitazama tonge, akatazama mkono wa kulia wa Solomon uliobaki juu ya sahani, na kidole chake cha pete, ambacho kilikuwa kimepinda kidogo kwenye kiungo cha mwisho, mpindo ambao mtu asingeuona mpaka aushike kwa muda mrefu wakati wa kusalimiana.

"Lakini ana mashoto," alisema, karibu kwa kunong'ona. "Nimemwona sasa hivi. Udongo aliukamata kwa kushoto."

"Udongo, ndiyo. Udongo hauliwi." Mashauri alifuta vidole vyake. "Alitaka mpini unaofuata kiganja chake. Udongo wa maabara hana. Ana sufuria ya ugali. Ni wazo zuri, Bwana Sjöholm, mimi nisingelipata. Ila mtu akishapewa ugali mkononi, hachagui mkono. Mkono ulichaguliwa zamani, na mama, na shangazi, na kila mtu aliyewahi kukaa naye mkekani. Alibana kwa kulia bila kujua kwamba amebana kwa kulia. Fundi akachonga alicholetewa. Mpini uliporudi, akaukamata kwa kushoto, kile kikalio cha gumba kikaingia kiganjani." Akaonyesha doa la bluu. "Hapo. Alipofyatua, ukapiga teke na kujigeuza."

Solomon hakukana. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama shahidi aliyedhani ni rafiki. Doa la kiganjani angeweza kuisingizia barafu. Kidole hakikuwa na pa kwenda.

"Nilikuwa nakula," alisema hatimaye, taratibu, kwa Kiswahili. "Peke yangu. Nikaona alama za vidole vyangu kwa tonge. Nikajiuliza mbona sikuwa nimeziona miaka hii yote." Aligeuza kiganja chake cha kushoto. "Mpini uliporudi ulinichoma. Nikageuza hivi, nikageuza vile. Sikuelewa. Naapa mpaka leo sikuwa nimeelewa."

"Nani alikukataza kushoto?"

"Nyanya. Alikuwa ananigonga na mwiko. Kuandika, andika na unachotaka, hiyo ni mambo ya shule. Lakini kwa chakula chake, hapana."

Mashauri alitafsiri. Sjöholm alikuwa amekwisha kunyanyua simu kuita mahakama, lakini alikaa nayo sikioni bila kuzungusha namba.

"Huyo bibi," alisema, "yuko hai?"

Solomon alitikisa kichwa.

"Na kama asingemgonga na mwiko," Sjöholm aliuliza, akimtazama Mashauri, "Milcah..."

"Mpini ungemkaa mwenyewe. Fundi yule hakosei."

Sjöholm alizungusha namba. Sauti yake ilipokuwa inasema jina la Evodius, alilitamka sawasawa kwa mara ya kwanza, herufi baada ya herufi, kama anayesoma jiwe la kaburini.

*

Walimleta Evodius kutoka mahabusu kabla hata gari la mahakamani halijawashwa. Alisimama mlangoni akiwa ameshika mshipi wake mkononi, kwa sababu ndio kwanza wamemrudishia, na alitazama chumba kizima kutafuta habari mbaya iko wapi. Solomon alikuwa amekwisha kuondolewa kwa mlango mwingine.

"Umekula?" Mashauri akamuuliza.

"Mkate, Afande. Na jibini tamu."

"Hilo peke yake ni kosa la jinai. Kaa hapa."

"Naenda wapi baadaye?"

"Chuoni. Una mtihani wa nini wiki hii?"

Evodius alikaa, ghafla. Mashauri alimsogezea maji. Akanawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, uso ukiwa umeinama juu ya bakuli, na hakuna aliyemharakisha. Tonge la Solomon lilikuwa kwenye mfuko wa maabara, na mpini umefungwa kwenye kabati. Ila ugali wa Agripina ulikuwa bado na joto katikati.

Mkono wa kulia wa kijana ukaenda kwenye sahani. Ukamega, ukabana.

Sjöholm alikuwa amesimama dirishani na mikono nyuma, jinsi watu wasimamavyo kanisani wasipojua wimbo. Alikuwa ameona vidole vikifanya mambo mengi katika kazi yake. Safari hii alivitazama vikijikunja, vikiacha mifereji yao minne iliyonyooka kwenye kitu cheupe, mifereji ambayo haikufanana na ya mtu mwingine yeyote duniani, na kabla hajaitazama vya kutosha Evodius alichovya kwenye mchuzi, akameza.

Akamega tena.